Nyaya za kukinga matawi: zinafaa, lakini si kwa gari zima

Nyaya hizi za chuma kisichoshika kutu, ambazo hufungwa kutoka pembe za bampa ya mbele hadi kwenye keria iliyo juu ya paa, zinastahili kupendekezwa kwa yeyote anayepita mara kwa mara katika njia za msituni, kwa kuwa tawi linaloning'inia usawa wa kioo cha mbele hukutana na waya kwanza, likateleza kuelekea juu na kupita bila kukwaruza kioo wala kung'oa antena. Kilichonifurahisha zaidi ni skrubu ya kukazia, kwani waya uliolegea hutikisika na kuvuma gari linapokwenda kasi, ilhali uliokazwa kupita kiasi huweza kuipinda keria nyepesi. Ala ya plastiki inayofunika waya, kwa bahati mbaya, huchubuka mapema pale inaposuguana na ukingo wa boneti.

Milango haikingwi kabisa. Miiba ya ubavuni huhitaji utando wa kulinda rangi, na vioo vya pembeni ni afadhali vikunjwe mapema. Tawi nene lililokauka halipindi, hivyo msumeno wa mkono usikose garini.