Swichi ya kukatia betri: inafaa kwa gari linalolala siku nyingi?

Betri ya gari lililoegeshwa wiki mbili au tatu si lazima iwe mbovu ndipo iishe, ingawa muuzaji wa betri ataharakisha kukuambia hivyo. Hata funguo ukiwa mfukoni mwa mwenye gari, alamu, saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini na kile kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa baadaye na fundi huendelea kutumia umeme kidogo kidogo. Gari lisilo na hitilafu yoyote linaweza kutumia miliampia 50 likiwa limezimwa, yaani ampia-saa 1.2 kwa siku, na betri ya NS40 iliyomo katika magari mengi madogo kutoka Japani ina takriban ampia-saa 35 ikiwa mpya. Kwa hesabu hiyo nusu ya chaji inakwisha katika siku 15 hivi, na betri iliyochakaa haifiki huko.

Kifaa ninachokipitia hapa ni swichi ya kukatia betri, ile yenye kifundo cha plastiki cha kijani inayopatikana katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, mara nyingi bila jina la kiwanda. Hufungwa kwenye kichwa cha hasi, kati ya betri na waya unaokwenda kwenye bodi. Ukilegeza kifundo kwa mizunguko michache umeme wa gari zima unakatika, na ukikikaza unarudi. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri mpya, na kwa Toyota IST ya familia yetu, ambayo hulala Mbezi wakati wenyewe wako mikoani, imetuondolea kazi ya kumtafuta mtu wa kuja kubusti, yaani kuliwasha gari kwa umeme wa betri nyingine, kila tunaporudi.

Kabla ya hapo tulifuata utaratibu unaojulikana katika nyumba nyingi: mlinzi anaachiwa funguo, naye kila asubuhi analiwasha gari kwa dakika tano na kulizima. Dakika tano za silensa, yaani injini ikinguruma gari likiwa limesimama, hurudisha umeme uliochukuliwa na stata pamoja na ziada ndogo, lakini haziwezi kuijaza betri iliyokwisha kupungua, kwa sababu betri ya aina hii hupokea chaji polepole na huhitaji saa nyingi ili ijae. Wakati huohuo oili haipati joto la kutosha, na mvuke unaogeuka maji hubaki ndani ya ekzosi. Mlinzi wetu, kwa bidii yake yote, alikuwa akichoma petroli tu.

Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi wakati wa kununua ni ukubwa wa vichwa vya betri. Betri nyingi za NS40 zina vichwa vyembamba, cha hasi kikiwa na kipenyo cha milimita 13 hivi, ilhali swichi nyingi zimetengenezwa kwa kichwa kinene cha karibu milimita 18. Swichi ya namna hiyo utaikaza mpaka nati ifike mwisho, na bado itazunguka kwa mkono. Wapo wauzaji watakaokupendekezea kipande cha bati kuziba nafasi iliyobaki. Kikatae, kwa kuwa stata huchota zaidi ya ampia 100 na mgusano hafifu hupata moto. Ili kuhakiki kazi ya fundi, weka mita kwenye volti, ncha moja juu ya kichwa chenyewe cha betri na nyingine kwenye waya wa bodi, kisha mtu mwingine apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, kuna mahali hapajakazwa au pana kutu. Kumbuka pia kwamba swichi huongeza kimo cha kichwa, hivyo funga boneti taratibu mara ya kwanza.

Umeme ukikatwa, vipo vitu vinavyopotea. Saa na stesheni za redio ni jambo dogo. Kero kubwa ni zile redio za Kijapani zenye ramani, ambazo baadhi hujifunga zikikosa umeme na kudai namba ya siri au kadi ya ramani kwa maandishi ya Kijapani, na wengi wa waliotuuzia magari hayo hawakutuachia namba wala kadi. Mwenye redio ya aina hiyo inayofanya kazi atafakari kwanza. Alamu nayo hunyamaza, rimoti haifungui milango, na ufunguo wa chuma ndio unaobaki. Kwa hiyo sipendekezi swichi hii kwa gari linalolala barabarani. Magari ya haibridi ambayo betri yake ndogo imo nyuma, chini ya mlango wa buti unaofunguka kwa umeme, hayafai kabisa, kwa maana utajifungia nje ya swichi yenyewe. Na kifundo kisiguswe injini inaponguruma, kwani alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, ikitenganishwa ghafla na betri inaweza kurusha volti kubwa zikaunguza kompyuta.

Swichi hii haichaji chochote. Betri iliyokatwa huendelea kupungua yenyewe, tena haraka zaidi katika joto la Dar es Salaam kuliko la Njombe. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia saa kadhaa, husoma volti 12.6 au zaidi; ikishuka hadi 12.4 ni wakati wa kulitoa gari kwa safari ya maana au kuitia chaji, kwa sababu chini ya hapo chumvi ya salfeti huanza kuganda kwenye bamba za madini ya risasi zilizo ndani ya betri na uwezo unaopotea haurudi wote. Mwenye soketi ya umeme karibu na maegesho anunue chaja ya kutunza betri, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, kwani inaacha alamu na redio zikiendelea kufanya kazi. Ni ghali zaidi, na kwa gari lililo ndani ya uzio wenye umeme wa uhakika ningeichagua hiyo. Kwa gari lililoegeshwa mbali na soketi, ndani ya geti, na lenye redio ya kawaida, nanunua swichi, mradi niende dukani na kipimo cha kichwa cha betri yangu.