Matairi mapana kwenye rimu za kiwandani: 205/60 ndiyo ya kuchukua, 215/60 ina masharti

Saluni nyingi za wastani hutoka kiwandani na tairi la 195/65R15 (upana wa milimita 195, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) juu ya rimu ya inchi 15 yenye upana wa 6J, yaani inchi 6. Matairi hayo yakiisha, wenye magari wengi hujiuliza kama wanaweza kupanda hadi 205 au 215 bila kununua rimu mpya. Inawezekana. Ila saizi tatu zinazofikiriwa kwanza, yaani 205/60R15, 205/65R15 na 215/60R15, hazifanani hata kidogo zikishafungwa. Mojawapo huchukuliwa kwa kudhaniwa imeongezeka upana tu, kumbe imeongezeka na kimo.

Kabla ya kutazama tairi, tazama rimu. Ya aloi huwa na maandishi kwa nyuma, kwenye mkono mmoja au karibu na tundu la katikati. Ya chuma hugongwa mhuri juu ya bamba lenyewe. Tafuta kitu kama 15x6J ET45. Hapo 15 ni kipenyo, 6 ni upana kwa inchi, J ni umbo la ukingo, na ET45 maana yake ni milimita 45 kutoka mstari wa kati wa rimu hadi uso unaobana kwenye habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Usipime upana kwa futi kamba kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Upana wa rimu huhesabiwa ndani ya kingo, pale mdomo wa tairi (ukingo wake unaobana rimu) unapokaa, na kipimo cha nje huzidi kwa karibu inchi moja. Ndivyo mtu anavyoamini ana 7J kumbe ana 6J, akaagiza tairi kwa hesabu hiyo.

Kila saizi ina upana wa rimu inaoukubali. 195/65R15 inakaa kwenye 5.5J hadi 7J. 205/60R15 na 205/65R15 zinakubali 5.5J hadi 7.5J. 215/60R15 inaanzia 6J na kuishia 8J. Kwa mwenye 6J, hiyo ya mwisho inaruhusiwa, ila umeshafika ukingoni: rimu nyembamba kuliko hiyo haipo kwenye orodha yake. Mwenye 5.5J asiiguse kabisa.

Sasa kimo. Hesabu yake ni nyepesi: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi 15 ni 381). Tairi la kiwandani la 195/65R15 linatoka milimita 634.5. 205/60R15 ni 627, yaani limepungua asilimia 1.2. 215/60R15 ni 639, limeongezeka asilimia 0.7. 205/65R15 ni 647.5, limeongezeka asilimia 2. Na 215/65R15, ambalo wengine huchukua kwa kuwa tu ndilo lililopo dukani, ni 660.5, zaidi ya asilimia 4 juu. Spidomita ikisoma 100, lile la mwisho linakupeleka kasi zaidi kwa asilimia 4 hivi kuliko ambavyo ungekwenda na tairi la kiwandani. Ukibaki ndani ya asilimia 2 juu au chini, spidomita haitakusumbua. Ukivuka 3, achana na saizi hiyo.

205/60R15 ndilo chaguo ambalo fundi mwenye uzoefu atakupa bila kusita. Kwenye 6J linakaa vizuri kwa sababu hiyo hiyo 6J ndiyo rimu ambayo upana rasmi wa tairi hili hupimiwa juu yake. Upana wake halisi, ubavu hadi ubavu, ni milimita 209 kwa kipimo cha kawaida, wakati 195/65 ni 201. Maana yake umeongeza milimita 4 kila upande, si 5 kama namba zinavyoonyesha, na si rahisi gari la kawaida likwaruze kwa kiasi hicho. Ubavu ni mfupi kwa milimita 4 hivi, kwa hiyo usukani unaitikia upesi kidogo kwenye kona, na gari linashuka milimita zisizofika 4. Hasara yake ni kwamba mashimo yanasikika kidogo zaidi. Angalia pia namba ya uzito: matairi mengi ya saizi hii ni 91, sawa na ya kiwandani, yaani kilo 615 kwa kila tairi.

205/65R15 lina upana karibu sawa na hilo, ila limepanda kwa kimo. Gari linainuka milimita 6.5, ubavu mrefu unameza mashimo vizuri, na kwa anayekwenda sana kwenye barabara mbovu hilo ni jambo la maana. Kinachopotea ni wepesi: gurudumu kubwa ni sawa na kuongeza gia, kwa hiyo injini ndogo itaonekana kuchoka kidogo milimani. Mpango huu ni mzuri kwa anayetaka kimo. Kwa anayetaka kona, siushauri.

215/60R15 ndilo linalotamanisha zaidi, nalo ndilo lenye maneno mengi. Limekusudiwa rimu ya 6.5J, ambako upana wake halisi ni 221. Ukilibana kwenye 6J linakuwa karibu 216, maana kila nusu inchi ya rimu huongeza au kupunguza milimita 5 hivi. Milimita 15 zaidi ya tairi la kiwandani, 7 na nusu kila upande. Midomo ya tairi ikiwa karibu mno, mbavu hutuna kama mto uliofungwa kamba katikati, na uso wa kashata (meno ya mpira yanayogusa lami) unabinuka juu kidogo badala ya kulala sambamba na lami. Matokeo yake yanajulikana: kashata za katikati huisha mapema, usukani unachelewa kuitikia kwa sababu tairi linayumba juu ya rimu kabla gari halijageuka, na faida uliyoifuata ya kona inapungua pale pale ulipoitegemea.

Baadhi ya watu hutibu ubinukaji huo kwa kupunguza upepo ili kashata zilale. Ni dawa mbaya. Upepo mdogo unaukunja ubavu kila mzunguko, tairi linapata moto, nyuzi za ndani zinachoka, na kwenye kona kali mdomo unaweza kuteleza ndani ya rimu na tairi likatoa upepo wote kwa mpigo. Jaza kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, na kama kashata zinaisha katikati kwa upepo huo, tatizo ni rimu nyembamba. Kuna jaribio rahisi: chora mstari mnene wa chaki kukatiza kashata zote, endesha taratibu mita mia mbili hivi kwenye lami kavu iliyonyooka, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati na kubaki pembeni, tairi halijalala.

Ni vizuri pia kujua upana unaleta nini hasa. Eneo linalogusa lami halikui sana kwa kupanua tairi. Uzito wa gari haujabadilika, upepo haujabadilika, na viwili hivyo ndivyo vinavyoamua ukubwa wa eneo. Kinachobadilika ni umbo lake: linakuwa pana kwa pembeni na fupi kwa mbele na nyuma. Umbo hilo linasaidia kushika kona kwenye lami kavu. Kwenye maji linadhuru, kwa sababu tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, nalo huanza kuelea mapema zaidi kashata zikishapungua. Ndiyo maana 195 lenye mpira mzuri litasimama kwa umbali mfupi kuliko 215 la mpira mgumu wa bei ya chini. Kama fedha inatosha moja tu kati ya upana na ubora, chukua ubora, tena bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu nafasi, sehemu tatu huleta taabu. Ya kwanza ni shokapu ya mbele: pitisha vidole kati ya ubavu wa ndani wa tairi na nguzo ya shokapu, kisha kati ya kashata na kikalio cha springi kama kikalio hicho kiko juu ya tairi. Kwa 215 nafasi ya ubavuni itapungua milimita 7 au 8. Kama sasa hivi kidole kimoja kinapita kwa shida, jibu umeshapata. Ya pili ni plastiki ya ndani ya madigadi, ambayo hukwaruzwa usukani ukikatwa mwisho. Geuza kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kisha rudia ukiwa na gari linalorudi nyuma, kwa maana hapo gurudumu husogea kidogo mahali pengine. Ya tatu ni ukingo wa chuma wa madigadi ya nyuma, unaogusa tairi pale tu gari linapobeba watu watano na kupita kwenye tuta. Hilo halionekani gari likiwa tupu. Paka chaki ukingo wote kwa ndani, pakia watu, pita kwenye tuta moja, kisha tazama chaki imetoka wapi. Ukimaliza, kagua na mpira wa breki wa mbele usukani ukiwa umekatwa, usiwe unaguswa na ubavu.

Tairi likigusa shokapu, mtu atakuambia uweke spesa (bamba la kusogezea) kati ya habu na rimu. Kweli itasogeza gurudumu nje, lakini inaongeza mzigo kwenye beringi za habu na kupunguza nyuzi ambazo nati inashika. Kwa rimu ya kiwandani, tairi linalohitaji spesa ni tairi lisilo lako.

Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani. 91 ni kilo 615, 94 ni 670, 95 ni 690; 88 ni 560 tu. Herufi inayofuata ni ya mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Kupanda ni ruhusa, kushuka hapana. Ukikutana na tairi lenye alama XL, yaani lililoimarishwa kwa mzigo mkubwa, kumbuka kwamba linahitaji upepo zaidi ili kubeba uzito ule ule, kwa hiyo 91 ya XL si sawa na 91 ya kawaida kwa upepo mmoja. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi pana lililokaa ghalani miaka mingi halifai hata likiwa na kashata kamili.

Wenye saizi nyingine wafuate njia hiyo hiyo. Kwa 185/65R15 kwenye 5.5J, hatua salama ni 195/60R15, linalopungua asilimia 1 tu. Kwa 205/55R16 kwenye 6.5J, 225/50R16 linalingana kimo karibu kabisa, pungufu nusu milimita, na rimu inaruhusu; pima tu shokapu, maana linaongeza karibu milimita 7 kila upande. 215/55R16 linaingia pia, likipandisha kimo kwa asilimia 1.7.

Siku ya kufunga, badilisha yote manne. Mawili mapana mbele na mawili membamba nyuma huchanganya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama wakati wa breki) kama kimo hakilingani, na kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne tofauti hiyo huchosha difu. Dai valvu mpya, midomo ipakwe sabuni ya kufungia, na fundi asipitishe psi 40 akitafuta mlio wa mdomo kukaa. Ukigoma, atoe upepo, apake tena, ageuze tairi kidogo, ajaribu upya. Balansi ifanywe kwa kila gurudumu. Nati zikazwe kwa msalaba kwa spana ya kipimo: Toyota Corolla, kwa mfano, inataka Nm (niutoni mita) 103. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Alaimenti haiharibiki kwa kubadili saizi, ila matairi ya zamani yakiwa yameisha upande mmoja, ipimwe kabla mapya hayajaanza kuliwa vile vile. Gari linalokisia upepo kwa mzunguko wa magurudumu lifundishwe upya kwa kitufe chake mara baada ya kujaza. Kilomita 200 za mwanzo endesha kwa upole, kwa kuwa uso wa tairi jipya bado una mafuta ya kiwandani na haujashika vizuri.

Spea iliyobaki ni 195/65. Ukichagua 205/60 au 215/60, itatumika kufika gereji bila shida kwa mwendo wa wastani, na kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele iweke nyuma. Pancha ikiwa ya mbele, hamisha tairi zima la nyuma lije mbele. Kwa 205/65 tofauti ya kimo ni milimita 13, kwa hiyo usiende nayo mbali. Na kabla ya kuondoka gereji, jaribu kuingiza gurudumu pana kwenye shimo la spea ndani ya buti: kwenye magari yenye shimo jembamba halitaingia, na siku ya pancha litabidi lisafiri kwenye kiti cha nyuma.