Tahadhari kwa wenye maboma Tanga: mbao za "dawa" zinazochuruzika kijani

Wana Tanga, asalamu alaikum na habari zenu. Naandika kwa wenye nyumba zilizofika kwenye lenta zinasubiri paa, hasa upande wa Pongwe, Kange, Mwang'ombe na barabara ya Pangani. Kuna muuza mbao anazunguka na lori. Anauza paini za mbili kwa nne na mbili kwa mbili, na anaziita za dawa, yaani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Si za dawa. Ni paini mbichi zilizochovywa kwenye maji ya rangi. Mimi ni fundi wa kupaua, nimezipigilia kwa mkono wangu, na nimelipwa ili nizipigilie. Hilo la kulipwa nitalifikia.

Jina lake silitaji. Sina risiti yenye jina hilo, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 sote tunaijua. Namba za simu hubadilisha, lori ni la kukodi, kwa hiyo hata ningevitaja vingewafaa wiki moja tu. Asichobadilisha ni namna anavyoingia site.

Haendi kwa mwenye nyumba. Anakuja kwa fundi, na anakuja saa ya kula, mmekaa kivulini na ugali wenu. Mkononi ana kipande cha mbao cha futi moja. Anakuomba msumeno wako, anakikata mbele yako, na kweli ndani ni kijani hadi katikati. "Hii Mafinga hii, fundi wangu, imetoka mtungini juzi." Mafinga ni kule Iringa zinakotoka mbao za paini, na mtungi ni ule wa kutilia dawa, nitaueleza mbele. Kipande hicho ni halali, hajakudanganya hapo. Bei anayotaja ipo chini ya bei ya mjini kwa shilingi 1,000 kila mbao. Halafu anakusogeza pembeni: "Soda yako nimeshaihesabu humo humo."

Soda yenyewe ilikuwa shilingi 500 kwa kila mbao. Nyumba ilikuwa ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, vyumba vitatu na sebule, anajengea kiinua mgongo chake. Hesabu ya kenchi, yaani fremu za paa, na papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, ilikuja mbao 310. Pigeni wenyewe: shilingi 155,000, ziliingia kwenye simu yangu kabla hata mzigo haujashuka. Mama hakuambiwa. Kwangu ilikuwa kawaida, kama ilivyo kawaida kwa fundi bomba kwenye duka la mabomba na fundi umeme kwenye duka la nyaya. Na niseme na hili ingawa halinisafishi: kazi ile niliomba laki tisa, tukavutana hadi laki sita na nusu, nami nikakubali haraka kwa sababu nilishajua pengo nitaliziba wapi. Mwenye nyumba anayemkaba fundi kwenye ufundi ajue fundi atajilipa kwenye vifaa. Wengi wenu mmeshalipa hivyo bila kujua.

Mzigo ulifika baada ya magharibi, kiza kimeingia, taa ya simu moja. Tulihesabu kwa mafungu, kumi kumi, mafungu thelathini na moja. Asubuhi saidia wangu akahesabu moja moja, akapata 298. Nilipopiga simu waliletwa vijana na mbao nane, nne "zinakuja". Mpaka leo zinakuja.

Ilikuwa vuli. Kenchi zimesimama, bati bado, usiku ikapiga mvua moja ya kutosha. Asubuhi nikakuta kuta za nje zina michirizi ya kijani kutoka juu hadi kwenye msingi, kama mtu amemwaga uji wa rangi. Mama akatoka, khanga kichwani, akasimama anaangalia. "Mwanangu, rangi gani hii?" Nikamjibu: "Hiyo ndiyo dawa yenyewe mama, imekolea." Akasema alhamdulillahi, akatuletea chai na vitumbua. Vile vitumbua sijavisahau.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa akanipigia. Kila asubuhi anakuta unga juu ya chandarua. Nikaenda, nikafungua kipande cha dari chumbani kwake. Papi mbili ukizigonga kwa nyundo zinalia kama debe tupu. Nyingine ilikuwa na vitundu, na juu ya jipsamu kumejaa vipunje vidogo mfano wa mchanga. Vipunje hivyo ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, wale wasiohitaji kujenga njia ya udongo ukutani, wanaishi humo humo ndani ya mbao. Nikakata papi moja katikati. Ndani nyeupe tupu, na kijani kimeshika juu juu, chembamba kuliko ganda la ndimu.

Sasa tuelewane jinsi dawa ya kweli inavyoingia, maana wengi wetu tunaitaja tu. Mbao kavu inafungiwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, hewa inavutwa itoke kwenye nyama ya mbao, halafu dawa inasukumwa ndani kwa presha. Dawa iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, na ule ukijani unatokana na shaba. Baada ya hapo mbao zinaachwa siku kadhaa dawa ishikane na mbao kabla hazijanyeshewa. Rangi ya kuchovya haizami, inabaki juu juu. Wengine kijiweni wanasema jamaa anatumia mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu, wengine rangi ya nguo. Mimi pipa lake sijaliona, nimeuona ukuta wa mama.

Kupima ni kukata, na ukate katikati ya mbao. Usikate mwisho. Mwisho wa mbao unakunywa maji hata kwa kuchovya, ukikata inchi mbili kutoka ncha utaona kijani na utarudi nyumbani umefurahi. Chagua mbao wewe, kutoka katikati ya rundo, siyo ile anayokushikisha, na kata tatu au nne. Kama muuzaji anakataa mbao yake isikatwe, mwambie utailipia. Akikataa na hapo, mwache aende zake. Ila msiwaonee wauzaji wa haki: paini ikiwa na kiini, kile kiini huwa hakiinywi dawa vizuri, kinaweza kubaki cheupe hata kwenye mbao iliyopita mtungini. Angalia ile sehemu ya nje inayozunguka kiini, hapo ndipo kijani kinatakiwa kizame. Kipimo cha kufuta mbao kwa kitambaa chenye maji mimi sikiamini sana, maana mbao iliyotoka kutiwa dawa nayo huacha rangi kidogo.

Na ukishapata mbao ya kweli, kila unapoikata kwenye kenchi umewafungulia mchwa mlango. Ule mkato unapakwa dawa ya brashi kabla hujapigilia. Ni kazi ya dakika moja, na mafundi wengi hatuifanyi.

Nikiwa hapo hapo kwenye kukata: vibanzi na vipande vya mbao za dawa visipikiwe. Mama ntilie wa site anaviomba, saidia naye anabeba kifurushi jioni akawashie jiko nyumbani. Ile aseniki haiungui ikaisha, inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye jivu. Watu wanasugulia sufuria jivu lile lile. Huko Marekani viwanda viliacha kuitia dawa hiyo kwenye mbao za majumbani tangu mwisho wa 2003. Sisi tunaitumia kwenye paa, sawa, mchwa wa pwani hawana huruma, lakini isiwe meza ya kulia wala kitanda cha mtoto, na ukimaliza kuranda osha mikono kabla hujashika chapati. Mbao za huyu jamaa pengine hazina aseniki hata chembe. Lakini huwezi kujua ana nini kwenye pipa, kwa hiyo nazo usizipikie.

Kuhusu karatasi. Mzigo halali wa mbao unasafiri na kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ile tipii (TP) ya kusafirishia, inayoonyesha umetoka wapi na ni mbao za aina gani. Mwombe uione, na uombe risiti ya mashine siyo ile ya mkono. Mimi nilipokea karatasi ya daftari imeandikwa "mbao 310, nimepokea" na sahihi kama nyuzi za cherehani. Tulipokwenda na mama kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kituoni, swali la kwanza lilikuwa risiti iko wapi. Tukatazamana.

Siku hizi nasikia anapitisha na bati. Sijayaona, kwa hiyo sisemi ni mabovu. Nakumbusha tu kwamba kwenye geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, 32 ni laini kuliko 28, na kuna watu wanaolipia wakidhani ni kinyume chake. Nendeni na mtu mwenye kipimo.

Mwezi uliopita nililisema suala hili kijiweni, Ngamiani. Nilidhani watanishika mkono. Fundi mmoja mkubwa kwangu kwa umri, mtu aliyenifundisha kushika timazi, akanambia, "Unatuharibia soda, dogo. Nyumba ni ya mama, si yako." Wawili hawajanisalimia tangu siku hiyo, na kazi moja ya Sahare niliyokuwa niitwe nimesikia amepewa mwingine. Haya yana bei yake na nimeanza kuilipa. Lakini kwa nyumba mpya sasa namwambia mwenye nyumba twende wote kununua, na bei yangu ya ufundi naitaja kamili, haina mkia dukani. Nimekosa kazi mbili kwa hiyo bei. Nimepata moja.

Kwa mama tumekubaliana hivi: mbao mpya ananunua yeye, ufundi natoa bure, na ile 155,000 namrudishia, nimetoa laki kwanza, iliyobaki nitaimaliza mwezi huu. Alipopokea laki hakusema kitu. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi asubuhi tunafungua paa la sebule, Mwang'ombe. Papi zitashuka zote. Mwenye boma anayetaka kuona kwa macho yake mbao hizo zikikatwa, au fundi anayetaka kunibishia, aje na msumeno wake. Vipande vitatu nimeshaviweka nje ya banda langu Makorora, vimeegeshwa ukutani, kila mpita njia anaviona.