Povu la kusafishia evaporeta kwenye Toyota IST: uzoefu wangu na uvundo wa AC

Je, povu la kusafishia evaporeta, yaani ile sehemu yenye mapezi inayopoza hewa ya AC, linaondoa uvundo kweli? Jibu kwanza: linafanya kazi. Kwa gari dogo kama IST, mkebe mmoja wa mililita 250 unatosha kuondoa ile harufu ya kitambaa cha deki kilichosahaulika kwenye ndoo. Ila kuna masharti mawili: povu lifike kwenye evaporeta yenyewe, na bomba la kutolea maji liwe wazi. Anayelipulizia kwenye matundu ya dashibodi anamwaga hela. Hewa inafika kwenye matundu ikiwa imeshapita kwenye evaporeta, na katikati kuna njia zenye kona na vilango vya kufunga na kufungua. Povu linaishia njiani na kulowesha plastiki tu.

Nimelitumia Dar es Salaam, na pwani ndiko tatizo hili linakosumbua zaidi. Unyevu ni mwingi, AC inafanya kazi asubuhi hadi usiku, evaporeta haipati nafasi ya kukauka. Maji yanajikusanya juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Yakikutana na vumbi na nyuzi za nguo, yanafanya utando mwembamba wa tope, na humo ndimo ukungu na bakteria wanamozaliana.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha unapambana na kitu hicho hicho. Uvundo wa evaporeta una tabia yake: unakuja sekunde za mwanzo ukiwasha AC, unapungua baridi ikikolea, halafu unarudi ukizima AC na kuacha feni inazunguka. Evaporeta inapoanza kupata joto, maji yanakwenda na hewa, na harufu inapanda nayo. Harufu tamu-tamu pamoja na kioo cha mbele kupata ukungu wenye mafuta ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Harufu ya mzoga isiyobadilika, AC iwake isiwake, ni panya. Hizo povu haliziwezi. Na ukiambiwa gari linanuka kwa sababu gesi imepungua, usikubali kulipia kujaza gesi kwa sababu hiyo. Gesi inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa na haikutani na hewa unayovuta.

Kuhusu bidhaa yenyewe. Mkebe niliotumia una mrija laini wa kama sentimita 60, na ncha yake inarusha povu pembeni. Mrija huo ndio unaofanya kazi yote, kwa hiyo mkebe usio na mrija mrefu uuache dukani. Nilichagua lisilo na manukato kwa makusudi. Povu la limau linakunyima ukweli: gari linanukia wiki mbili, na uvundo ukirudi ndipo unajua hukusafisha kitu. Soma lebo uone kama limetengenezwa kwa ajili ya evaporeta za gari na ni salama kwa alumini. Dawa kali za kusafishia AC za nyumbani, na Jik ndiyo kabisa, ziweke mbali. Mapezi ya evaporeta ni alumini nyembamba kama karatasi. Jik inayala, na mvuke wake utauvuta wewe na watoto wako kila mkiwasha feni.

Anza na bomba la maji. Washa AC dakika kumi na tano gari likiwa limesimama, kisha chungulia chini upande wa abiria wa mbele. Kwa hali ya hewa ya Dar lazima pawe na matone ya kutosha kufanya kidimbwi. Kama pakavu, bomba limeziba, na ukilijaza povu juu litashukia kwenye kapeti la abiria. Gusa kapeti hilo kwa chini, siyo juu. Magari mengi yanayonuka yana godoro la kapeti lililolowa muda mrefu bila mtu kujua, na hapo utaisafisha evaporeta mpaka uchoke, harufu itabaki. Kuzibua, ingiza mpira mwembamba laini kutokea chini na uuzungushe taratibu, au tumia upepo kidogo. Waya mgumu usitumie, unaweza kufika ndani ukatoboa evaporeta. Upepo wa kompresa ya gereji nao ukifunguliwa wote unaweza kung'oa bomba lenyewe, na kulirudisha ni kazi.

Kisha filta. Ipo nyuma ya droo ya dashibodi: toa vitu, bana pande mbili za droo ziingie ndani, ishushe, utaona kifuniko cha plastiki chembamba na kirefu. Filta niliyoitoa ilikuwa ya kijivu iliyokolea, mikunjo imeshikana kwa unyevu, juu yake kuna jani la mwarobaini lililooza likabaki mishipa mitupu, na mbu waliokauka. Magari mengine yanafika kutoka Japani yakiwa na nafasi ya filta lakini filta yenyewe haimo, na mwenye gari anaendesha miaka bila kujua. Evaporeta yake ndiyo inakuwa filta. Ukienda Kariakoo kununua, nenda na ile ya zamani au vipimo vyake vitatu: urefu, upana na unene. Usiridhike na neno "hii inaingia IST". Filta iliyopungua hata milimita tano inaacha upenyo, na vumbi linapita hapo. Mpya usiiweke bado. Ukiiweka kabla ya kupuliza povu itanyonya dawa na uchafu, umeiharibu siku ya kwanza.

Fungua pia boneti, toa majani yaliyokusanyika chini ya waipa. Hewa ya nje inaingilia pale.

Feni ikiwa chini ya filta, ukipuliza povu kutokea kwenye nafasi ya filta linaangukia kwenye feni na mota yake, halifiki kwenye evaporeta. Njia niliyoiona bora ni tundu la resista ya feni. Resista ni kile kipande kidogo cha kudhibiti kasi ya feni, chenye soketi ya waya, kimefungwa kwa skrubu mbili kwenye boksi la plastiki kati ya feni na evaporeta. Kimewekwa pale makusudi ili hewa ikipoze. Zima swichi ya gari, chomoa soketi, kitoe, na utakuwa na tundu linalotazama uso wa evaporeta ule unaopokea hewa, yaani upande wenye uchafu. Kama resista ilikuwa ikifanya kazi muda huo, subiri. Inakuwa ya moto sana. Ukiwa na kamera ndogo ya waya ya kuunga kwenye simu, ipitishe hapo uone. Nilichokiona ni kama blanketi la kijivu lililolala kwenye mapezi, nene zaidi kwa chini ambako maji yanakaa.

Tikisa mkebe dakika moja, ingiza mrija mpaka uguse evaporeta, rudi nyuma kama sentimita mbili, kisha bonyeza huku ukiusogeza juu, chini, kushoto, kulia. Usimalize mkebe kwa mkupuo. Nilitumia theluthi mbili kwanza, nikasubiri dakika ishirini, kisha nikamalizia sehemu ya chini. Funika tundu kwa kitambaa povu lisitoke, na soketi ya resista iweke mbali lisiirukie. Weka beseni chini ya gari. Dakika tano za mwanzo hutaona kitu. Halafu inaanza kudondoka chai ya rangi isiyo na maziwa, baadaye nyeusi yenye chembe laini kama masizi, na mwisho povu jeupe. Likitoka bado na rangi, mkebe mmoja haujatosha.

Makosa mengi yanatokea hapa: watu wana haraka ya kuwasha feni. Povu likiwa bado zima, feni inalirusha mpaka kwenye matundu na linakutapakaa usoni. Subiri nusu saa. Rudisha resista, fungua vioo vyote, washa feni namba moja, AC ikiwa imezimwa, hewa ya nje, dakika kumi. Baada ya hapo washa AC kwa baridi ya mwisho dakika kumi na tano ili maji yanayodondoka yasuuze dawa iliyobaki. Ndipo ukaushe, na mwisho kabisa weka filta mpya, ukifuata mshale au alama ya juu iliyoandikwa ubavuni.

Kwenye kukausha kuna jambo mafundi wengi wanalikosea. Wanasema washa hita ukaushe evaporeta. Hita iko baada ya evaporeta, kwa hiyo ukiwa kwenye hewa ya nje joto lake haliigusi evaporeta hata kidogo. Linakuunguza wewe tu. Ukitaka hita isaidie, weka kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili hewa yenye joto irudi kupita kwenye evaporeta, na acha vioo wazi kidogo mvuke utoke. Dakika kumi zinatosha.

Nimejaribu pia yale mabomu ya dawa, mikebe unayoiwasha ndani ya gari ijipulize yenyewe huku milango imefungwa. Kwa harufu iliyoanza juzi yanasaidia, kwa sababu ukungu wa dawa unapita kila mahali feni inapofika. Kwenye evaporeta yenye blanketi hayatoi kitu. Harufu ilirudi ndani ya wiki. Ozoni ya kwenye sehemu za kuoshea magari inaua harufu ya viti na dari vizuri, lakini nayo haiondoi tope. Ukiifanya, asiwepo mtu wala mnyama ndani, na milango iachwe wazi muda wa kutosha, kwani ozoni inawasha mapafu.

Matokeo yangu: uvundo uliisha siku ile ile, ikabaki harufu hafifu ya dawa kwa siku mbili. Upepo nao uliongezeka waziwazi, feni namba mbili inatoa uliokuwa ukitolewa na namba tatu. Huu ni mwezi wa tisa tangu nisafishe na masika imepita katikati, uvundo haujarudi. Povu peke yake lisingefika huko. Kila safari, dakika tano kabla ya kufika, nazima kitufe cha AC na kuacha feni namba tatu kwenye hewa ya nje. Siegeshi gari likiwa kwenye hewa ya ndani. Filta natoa na kuikung'uta kila mwezi, nabadilisha kila kilomita 10,000, na kwa anayepita barabara za vumbi kila siku ningesema 7,000.

Nimelipunguzia alama kwa kitu kimoja: ncha ya mrija imeshikiliwa kwa kubanwa tu. Ivute kwa nguvu kidogo kabla ya kuiingiza uone kama imeshika, maana ikichomokea ndani ya boksi utalazimika kufungua feni kuitafuta. Na wenye Noah zenye AC ya nyuma, nunueni mikebe miwili; ile ya nyuma ina evaporeta yake na bomba lake la maji, na ukisafisha ya mbele tu, abiria wa nyuma wataendelea kulalamika.