Magome, Makumbi au Mkaa: Kipi Kinunuliwe Unapobadilisha Chungu cha Okidi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu okidi hapa Arusha yanafanana sana. Mtu amenunua Phalaenopsis, aina ya okidi, iliyochanua vizuri, maua yakapukutika, akaihamishia kwenye chungu kipya chenye makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, akamwagilia kama alivyoelekezwa dukani, na baada ya miezi michache majani yakalegea na ncha za mizizi zikawa nyeusi. Wengi huamini kwamba wamezidisha maji. Mimi nikiitwa kuangalia, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni utando mweupe, mkavu, ulioganda kwenye ukingo wa chungu na juu ya vipande vya makumbi, na mara nyingi ninaukuta. Utando huo ni chumvi.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na bei wala rangi ya chungu. Okidi ya aina hii kwa asili huishi juu ya miti, na mizizi yake imefunikwa na tabaka jeupe linalofyonza maji kama sifongo, pamoja na kila kilichoyeyuka ndani ya maji hayo. Kadiri chungu kinavyokauka kabla ya kumwagiliwa tena, ndivyo chumvi inavyokolea, hadi mzizi unashindwa kuvuta maji na hatimaye unaanza kuyapoteza. Maji ya bomba na visima katika sehemu nyingi za Arusha yana floraidi na madini mengine yanayotokana na miamba ya volkano, kwa hiyo mmea tayari unapokea chumvi ya kutosha kila unapomwagiliwa. Kitu unachopandia hakipaswi kuongeza hata chembe.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa Orchiata bila kusita. Ni magome ya msonobari aina ya Pinus radiata kutoka New Zealand, yaliyokomazwa kabla ya kufungashwa na kupakwa dolomiti, unga wa jiwe la jamii ya chokaa, ambayo huzuia magome yasizidi kuwa na asidi na humpa mmea kalsiamu na magnesiamu. Vipande vyake vinalingana, vumbi ni kidogo, na haviozi upesi. Kwa Phalaenopsis ya kawaida chagua daraja la Power, lenye vipande vya milimita 9 hadi 12. Kwa mmea mkubwa wenye mizizi minene, daraja linalofuata lenye vipande vikubwa zaidi. Ni ghali, na gharama ya kuisafirisha inaumiza, lakini chungu kilichopandwa vizuri hukaa miaka bila kuguswa. Kabla ya kuagiza kutoka nje, waulize TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, kuhusu kibali, kwa kuwa magome ni zao la mmea. Makao makuu yao yako hapahapa Arusha.

Nafasi ya pili ni magome ya misonobari ya kwetu. Mashamba ya miti ya Meru na West Kilimanjaro yana misonobari, na viwanda vya mbao huyabandua magome na kuyatupa. Yachukue yaliyokaa nje muda mrefu, kwa sababu magome mabichi yana utomvu, na yanapoanza kuoza huunyima mmea naitrojeni. Yavunjevunje, yachekeche ili unga wote utoke, kisha changanya na mawe mepesi ya volkano yenye matundu. Mchanganyiko huu hauna chumvi ya kutisha. Udhaifu wake ni kwamba huoza mapema, hivyo jiandae kuubadilisha mara kwa mara.

Makumbi ya nazi ni ya tatu, na hapa ndipo ninapowaomba wanunuzi wawe wakali. Mnazi wenyewe hukusanya sodiamu na potasiamu kwenye makumbi yake, na huko Zanzibar yapo makumbi yanayofukiwa kwa miezi kwenye matope ya bahari ili usumba, yaani nyuzi zake, uachane. Mfuko usioeleza makumbi yametoka wapi na yameoshwaje hauna sababu ya kuaminiwa. Ukishaununua, loweka makumbi kwenye maji ya mvua kwa siku nzima, mwaga, rudia mara mbili tatu, kisha yalowekwe tena usiku kucha kwenye maji yenye mbolea ya naitreti ya kalsiamu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4. Kalsiamu huisukuma sodiamu itoke. Suuza kwa mara ya mwisho. Mwenye kile kipimo kidogo cha kupimia madini kwenye maji ya kunywa akichovye kwenye maji ya kulowekea: namba ikiwa bado iko juu sana kuliko ya maji ya mvua matupu, kazi haijaisha.

Sfagnamu, ile kuvumwani iliyokaushwa, ni nzuri kwa mmea uliopoteza mizizi, na inafaa zaidi Moshi kwenye joto kuliko Arusha, ambako mwezi wa saba hukaa imelowa mno. Mkaa peke yake siupendekezi.

Kinachonikera ni mifuko isiyo na lebo inayouzwa kwa jina la udongo wa okidi. Nimefungua mfuko wa namna hiyo nikakuta udongo mweusi, mbolea ya samadi na vipande vichache vya makumbi juu, kwa bei inayokaribia ya magome ya kutoka nje. Udongo huziba hewa na samadi ni chumvi tupu, na muuzaji anayeuza okidi kila wiki hawezi kusema hajui. Wapo pia wanaouza okidi zilizong'olewa kwenye miti ya msituni, mizizi ikiwa bado imeshikilia vipande vya gamba. Okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mimea hiyo mara nyingi hufa hata ukiipandia kwenye magome bora kuliko yote. Msinunue kwao. Muuzaji mpeni maswali matatu kabla ya kutoa pesa: magome au makumbi haya yametoka wapi, yameoshwa kwa maji gani, na je, ataufungua mfuko ili muone kilicho chini.