Pedeli za klipu au flati? Mimi nimefunga za pande mbili, haya maoni yangu

Kwa wale mnaouliza kila siku kama mfunge klipu (pedeli zinazonasa kiatu) au mbaki na flati (za kukanyaga tu), nawapa yangu. Baiskeli yangu saivi ina Shimano EH500, zile upande mmoja klipu ya SPD (mfumo wa Shimano) na upande wa pili flati yenye vipini vya chuma (vijino vya kushika soli), nazitumia Mwenge kwenda mjini siku za kazi, wikiendi Bagamoyo au Pugu mpaka Kisarawe, kwahiyo sio stori za kuambiwa.

Watu wanakwambia kwa klipu utavuta pedeli juu upate nguvu mara mbili, hamna kitu kama hicho bana. Ukienda mwendo wako wa kawaida nguvu karibu yote ni ya kukanyaga chini, ule mguu unaopanda kazi yake kubwa ni usimlemee mwenzie. Utamu wa klipu ni kwamba mguu hautoki, yaani umeingia njia ya vumbi yenye makorongo baiskeli inaruka, mguu upo palepale, mvua imelowesha soli bado upo, umesimama kwenye pedeli unapandisha Pugu huwazi kuteleza.

Sasa ingia mjini. Daladala imekata mbele yako bila indiketa, boda katokea hata hujui wapi, na wewe kutoka mpaka uzungushe kisigino nje. Bernard Hinault, yule mwendesha baiskeli Mfaransa, alishinda Tour de France ya 1985 na klipu za kampuni ya Look, sawa, ila hakuwa anakwepa bajaji Mwenge. Mgeni wa klipu mara nyingi anadondoka akiwa kasimama kabisa kwenye taa, mbele za watu. Dawa ipo: kuna skrubu ndogo kwenye klipu unailegeza kwa spana ya L ya milimita 3, afu kliti, kile kipande cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedeli, tumia za SH56, hizi zinaachia pembe nyingi, SH51 zinataka kisigino kiende pembeni tu. Na kliti ikikaa upande goti ndo linaumia, usikaze tu ukaondoka.

Msichanganye na SPD-SL za skrubu tatu, kliti yake kubwa imetokeza nje ya soli, ukishuka kununua maji unatembea kama bata. SPD ya skrubu mbili inazama kwenye soli, unatembea fresh.

Flati nazo zisidharauliwe. Sisemi zile za plastiki zinazokuja na baiskeli, hizo kwenye mvua hazishiki kitu, nasema flati pana yenye vipini ukivaa na raba ya soli bapa, aisee inanata. Shida yake ugoko, ukiteleza siku moja alama utakaa nayo.

Za pande mbili zozote zina usumbufu mmoja: taa ikiwaka kijani upande unaoutaka ndo uko chini, unainama kuutafuta huku nyuma wanapiga honi. Unazoea, ila haiishi. Kwahiyo kama baiskeli yako ni ya kazini tu nunua flati nzuri basi, hela ya viatu ibaki mfukoni. Kama kila wikiendi uko Bagamoyo chukua Shimano M520, klipu pande zote, huhangaiki kutafuta. EH500 ni za sisi tunaofanya yote mawili kwa baiskeli moja, na kwa hilo nazipenda.

Wakati wa kufunga paka grisi, na mwambie fundi pedeli ya kushoto thredi yake ni kinyume, akilazimisha anakula krenki (mkono unaobeba pedeli) ya aluminiamu na hiyo haina marekebisho ya bei rahisi. Huku pwani kwa chumvi na mchanga, springi piga brashi na tone la oili mara kwa mara.

Viatu tafuta mtumba kwanza, vingine vinapita kama raba za kawaida kwa sababu matundu mawili ya kliti yamefunikwa na kipande cha mpira chini ya soli, vigeuze uangalie kabla hujalipa.