Seiko 5 ya marehemu baba: uzoefu wangu na fundi saa wa Mji wa Kale

Baba alipofariki, Mama alinikabidhi kopo la biskuti lenye vyeti vyake vya ubaharia na saa yake ya mkononi, Seiko 5 ya chuma. Kioo kilikuwa kimekwaruzika hata tarehe haisomeki. Ukiitikisa inatembea dakika tatu nne, kisha inanyamaza.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, hapa hapa Mombasa, hata kuifungua hakuifungua. Alisema mashine imekufa, aing'oe aniwekee ya betri, na uso wa saa aupake rangi upya ung'are. Bei yake ilikuwa ndogo nami nilikaribia kukubali. Walionizuia ni wenzangu watatu ambao hukutana nao Jumapili kwenye kahawa, sote wapenzi wa saa za zamani. Mmoja aliigeuza akasoma mgongoni: 7009, yaani namba ya aina ya mashine, halafu namba sita zinazoanza na 43. Akanieleza kwamba kwa Seiko za wakati ule tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, kwa hiyo hii ni ya Machi, mwaka unaoishia na 4. Nilipomuuliza Mama, akasema Baba alirudi nayo kutoka Dubai kabla kaka yangu hajazaliwa, na kaka ni wa 1985. Basi ni ya 1984.

"Hii haijafa, imekaukiwa mafuta," mwenzangu akaniambia. "Ukiing'oa mashine, utabaki na ganda la mzee." Wakanielekeza kwa fundi mmoja wa Mji wa Kale, mtu mzima, meza moja na taa moja. Kila nikikata tamaa walinipigia simu kuulizia saa kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Fundi huyu aliniketisha pembeni nitazame. Alipofungua mfuniko wa nyuma, akanionyesha upande wa ndani: mchoro mwembamba wa ncha ya sindano, 3/91. "Hii alama ya fundi mwenzangu," akasema. "Aliiosha mwaka huo, na inaonekana haijaoshwa tena." Mafuta yaliganda kama gundi. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umelainika kama lami, unashika kidoleni. Na kile kipande kidogo cha plastiki kinachosukuma tarehe kilikuwa kimekatika.

Akanipa kioo cha kukuzia nitazame ile nusu duara ya chuma inayozunguka mkono unapotikisika. Chini yake kuna kikono cha ncha mbili, moja inavuta gurudumu la springi na nyingine inalisukuma, kwa hiyo chuma kizunguke kulia au kushoto, springi inajaa tu. Seiko walianza kuutumia mtindo huo 1959. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sikumwona Baba hata siku moja akiitia saa yake ufunguo: mashine ya 7009 haina njia ya kuijaza kwa mkono, na ndiyo maana kile kidude cha kurekebishia kimejificha kwenye namba 4.

Niliomba asugue mwili wote wa chuma uwe kama mpya. Alikataa, na namshukuru. Pale karibu na namba 8 kuna bonde dogo ambalo Baba alituhadithia tangu utotoni, mnyororo wa winchi ulimgonga akiwa kazini melini. Fundi akasema kioo atabadilisha, uchafu atautoa, lakini bonde hilo si lake kuliondoa.

Nililipa shilingi 6,500 za Kenya, pamoja na kioo na mpira mpya. Kwa kazi niliyoiona kwa macho yangu, ni bei ya haki. Lawama yangu ni muda: aliniahidi wiki mbili, zikawa tano, kwa sababu kipande cha tarehe ilibidi kitolewe kwenye saa nyingine mbovu. Kungoja si tatizo, ila hakunipigia simu hata mara moja. Mkienda kwake, muulizeni vipuri mapema.

Ni mwezi wa tatu sasa. Inakwenda mbele kama sekunde 20 kwa siku, nami huirekebisha Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Maji siiamini nayo, wakati wa udhu naivua. Nikiivua usiku, asubuhi naikuta bado inatembea.

Nilipompelekea Mama aione, aliishika muda mrefu, kisha akauliza mbona siku imeandikwa Kizungu. Saa zilizouzwa Ghuba zina siku kwa Kiarabu na Kiingereza, unachagua mwenyewe. Baba aliisoma kwa Kiarabu, akaniambia. Nikavuta kidude, nikazungusha taratibu hadi الجمعة ikatokea dirishani, na hapo nimeiacha.